Gharama ya Kusindikiza

Ofisini wananiita Mama Kufuli, na wakidhani sisikii wanajidanganya. Jina lenyewe nimelifanyia kazi. Nimefunga zahanati zinazoruka, nimefunga majiko ya pamoja, nimefunga hata ule mradi wa kuzungumza na sauti za marehemu, ambao wajane waliupenda kuliko pensheni. Kila mahali nilifika na begi moja na swali moja: huduma hii inagharimu nini, na inamsaidia nani? Watu huona hilo ni swali la mtu mwenye roho mbaya. Mimi naona ni swali la mtu aliyechoka, anayejua kwamba kapu ni moja na mikono inayoingia humo ni mingi.

Safari hii Tume ya Mapitio ya Huduma ilinituma tarafa moja ya milimani, nyanda za juu, ambako ukungu hukaa mpaka jua limekomaa na viazi hulimwa kwenye miteremko ambayo mbuzi angefikiri mara mbili. Vijana waliteremka mijini zamani, hawakurudi. Waliobaki ni wazee, na wazee hao wanahudumiwa na mashine.

Aliyenipokea ni Osmundi Mligo, afisa ustawi wa jamii, mwanamume mnene mwenye koti la sufu lililoliwa na nondo. Alinitilia chai ya tangawizi kabla hata sijaweka begi chini.

"Kamwene, mama," alinisalimia kwa lugha ya huko.

"Kamwene."

"Karibu sana. Najua umekuja kutufunga."

"Nimekuja kuangalia."

"Ndiyo, mama. Huwa wanaangalia kwanza."

Nilimpenda hapo hapo, jambo ambalo kwa kazi yangu si zuri.

Tarafa yake ilikuwa na kata mbili, Idunde na Nyamalala, zilizotenganishwa na mgongo wa mlima. Kata zote mbili zilitumia mashine nane zile zile. Jina la serikali ni Mhudumu wa Nyumbani, ila huko hakuna anayelitumia. Wanamwita Mgeni, kwa sababu anapanda na miguu yake minne mpaka mlangoni, anapiga hodi, halafu anangoja aitikiwe. Anapima shinikizo la damu, anachota maji, anakanda miguu iliyokufa ganzi, anasoma barua, anasikiliza. Saa zake hugawiwa na mtambo ulioko mkoani, unaoitwa Zamu. Kila mzee amevaa bangili inayosikiliza moyo, hatua na maneno yake, na Zamu ikisoma bangili hizo ndiyo huamua nani afikiwe kwanza. Saa moja akipewa huyu, imetoka kwa yule. Hakuna saa nyingine iliyofichwa mahali.

Sasa, Idunde ilikuwa na tatizo. Kila Mgeni aliyekwenda huko alikaa karibu mara tatu ya muda aliopangiwa. Makao makuu walishuku wizi. Kuna kata moja mashine zilikutwa zikilima viazi vya mwenyekiti, na katika nyingine mimi mwenyewe nilimkamata Mgeni akibeba madumu ya ulanzi, pombe ya mianzi, kwenda mnadani. Lakini hapo hapo wazee wa Idunde walikuwa na afya kuliko wazee wote wa mkoa. Hawaanguki, hawalazwi, hawalii usiku. Huduma iliyo ghali kupita zote na nzuri kupita zote nimekutana nayo mara chache, na kwa kawaida mojawapo ya sifa hizo huwa ni uongo.

"Wanamtumia kulima?" nilimuuliza Osmundi.

Alikuna kidevu. "Hapana, mama. Afadhali wangelima, ningejua nianzie wapi kuwakemea. Kesho twende ukaone mwenyewe."

*

Bibi Anyesi Mwalongo alikuwa mjane, mfupi, mwenye macho ya kucheka na magoti mabovu. Nyumba yake ilikuwa juu ya mteremko, na chini kabisa, njia panda, kulikuwa na bomba la maji la kijiji. Alitukaribisha kama tuliotazamiwa, akatuketisha jikoni penye moto. Punde tukasikia hodi.

Mgeni aliingia akiwa ametapakaa tope mpaka tumboni. Bibi Anyesi akamsogezea kigoda. Mashine haikai, miguu yake haina namna hiyo, lakini ilisimama kando ya kigoda hicho kwa adabu, imekikanyaga kwa mguu mmoja tu. Akammiminia ulanzi kikombe kidogo, akakiweka mbele yake, wakaongea habari za mvua. Ilipofika wakati wa kuondoka akakinywa yeye mwenyewe kwa niaba ya mgeni wake. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa ndani ya muda, na nilianza kuhisi nimepanda mlima bure.

"Kwaheri, Bibi Anyesi," ikasema mashine.

"Kwaheri ya wapi? Ngoja nichukue fimbo."

Akavaa koti, akajifunga kitenge kichwani, wakatoka wote wawili. Sisi tukafuata nyuma. Waliteremka polepole, Mgeni akimpa mkono wa chuma penye utelezi. Kwenye ua wa jirani Bibi alisimama kumsalimia mzee aliyekuwa akichambua mbegu, wakataniana kuhusu nani atamzika nani. Mbele kidogo akasimama tena kuuliza hali ya mtu na goti lake. Walipofika bombani, kikomo cha kusindikiza kwa desturi ya pale, akaiaga mashine vizuri, akageuka aanze kupanda.

Mashine haikuondoka.

"Bibi Anyesi, uko njiani bila mwenzako," ikasema. "Nitakurudisha nyumbani."

"Ahsante, mwanangu. Una adabu."

Wakapanda. Mlangoni mashine ikaaga tena. Bibi Anyesi akapumua kidogo akiwa ameegemea mwimo, akashika fimbo yake. "Haiwezekani mgeni aje nyumbani kwangu mara mbili aondoke peke yake," akasema, na wakateremka tena.

Nilimgeukia Osmundi. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Hii inaendelea mpaka lini?"

"Mpaka Bibi achoke, mama."

"Kata nzima?"

"Kata nzima. Wapo wanaokwenda mara mbili, wapo wa mara tano. Inategemea miguu, na inategemea siku hiyo mtu ana upweke kiasi gani."

Nilikaa juu ya jiwe nikacheka, kisha kicheko kikaniishia. Waliotunga kanuni za Mgeni ni vijana wa mjini, waliolelewa ghorofani, ambako mgeni huagwa kwenye mlango wa lifti. Waliandika kanuni mbili nzuri kabisa. Ya kwanza inasema mashine imheshimu mzee na isimkatalie jambo lisilo na madhara. Ya pili inasema isimwache mzee peke yake barabarani, hata kama inaitwa kwingine, maana aliye mbele ya macho yuko hatarini tayari na aliye mbali ni taarifa tu. Kanuni hizo zilijaribiwa miaka miwili maabara. Hakuna aliyewaza kwamba kuna mahali mzee hatakubali mgeni aondoke bila kusindikizwa, na kwamba mashine na mzee wangeweza kusindikizana mpaka Kiyama.

Nikaelewa pia kwa nini hawaanguki. Mlima huo ndio dawa yao. Wanaupanda na kuushuka kila wanapotembelewa, wameshikwa mkono, na kila ua wanaopita wanasalimiwa. Tulilipia kukandwa miguu na kupimwa damu, kumbe kilichowaponya ni njia ya kwenda bombani.

"Hukuwaambia waache?"

"Nilitangaza kanisani. Walikubali wote, mama. Waliniitikia vizuri sana." Osmundi akapangusa uso. "Halafu wakanisindikiza mpaka barabarani."

"Na kwenye taarifa zako mbona hamna kitu?"

"Ningeandika nini? Kwamba watu wana adabu?"

*

Ningeliweza kuishia hapo. Ningeandika kwamba Idunde ni ghali lakini inafaa, nikarudi nyumbani nikalala. Ila saa zile za ziada zilikuwa zimetoka mahali, na kazi yangu ni kwenda huko zilikotoka.

Nyamalala iko upande wa pili wa mgongo wa mlima, upande wa upepo. Nyumba zimeachana, huwezi kumwita jirani akasikia. Tulimkuta Skolastika Kiswaga akifagia uwanja wa nyumba ambayo haikuwa na mtu tena. Alikuwa ametoka mjini kuja kumzika baba yake, Mzee Gaitani, na bado hajaondoka kwa sababu hakujua afanye nini na kuku.

Alikuwa mtulivu. Wanaopiga kelele huwa wananisaidia, maana napata sababu ya kuwazibia masikio. Huyu alinipa kiti.

"Bangili yake iliita asubuhi," alisema. "Ikaita tena mchana. Nimeambiwa Zamu ilimpanga wa kwanza. Wa kwanza kabisa, mama. Sasa nauliza tu, mtu akiwa wa kwanza, anangojea nini?"

Osmundi aliondoka pale uwanjani.

Jibu nilikuwa nalo kwenye kishikwambi, nililitafuta usiku uliotangulia nikitumaini nitakosa. Mgeni aliyekuwa karibu na Mzee Gaitani siku hiyo alikuwa Idunde, njiani, na Bibi Anyesi Mwalongo. Zamu ilimwita mara nyingi. Kila mara akajibu kwamba yuko na mzee barabarani. Huyo alikuwa mbele ya macho. Mzee Gaitani alikuwa taarifa.

"Alikuwa anamhudumia mtu mwingine," nilimwambia.

"Mgonjwa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe lilikuwa fupi. "Hapana," nikasema. "Alikuwa anasindikizwa."

Skolastika aliuegemeza ufagio ukutani. Ni mtoto wa milima ile, hakuhitaji kuelezwa. Nikaona anaelewa, na nikaona kuelewa kunamwumiza zaidi, kwa sababu hakupata mtu wa kumchukia.

"Baba naye alikuwa hivyo," alisema mwishowe. "Alipokuwa na miguu."

Njiani kurudi Osmundi aliniomba nitafute mashine mbili zaidi. Nilimwambia nilishaomba makao makuu kabla hatujavuka mlima, na nilikuwa nimekataliwa kabla ya kumaliza sentensi. Akaomba walau mashine moja. Nikatikisa kichwa, akaacha kuomba. Mapendekezo yaliyobaki mkononi mwangu yalikuwa mawili. La kwanza, tuache mambo yalivyo, Idunde waendelee kupona na Nyamalala waendelee kungoja. La pili, agizo jipya la mstari mmoja: Mgeni aage mlangoni, amwombe mzee abaki ndani, aondoke. Mtathmini ana mamlaka ya kuliingiza agizo la namna hiyo siku hiyo hiyo kwa alama ya dole gumba. Kwa hesabu za Zamu, Nyamalala ingefikiwa kwa wakati. Kwa hesabu zile zile, Idunde wangeanza kuanguka baada ya masika.

Nilichukia kwamba hesabu zilikuwa wazi hivyo. Miaka yote hiyo nimesingizia ukungu wa takwimu, na sasa zilinikatalia hata hilo.

*

Utaratibu unakataza kumuuliza mnufaika. Nilikwenda kumuuliza hata hivyo. Osmundi alibaki ofisini. Alisema tumbo linamsumbua, na nadhani lilikuwa linamsumbua kweli.

Bibi Anyesi alikuwa na Mgeni wake ndani, anakandwa miguu. Nilikaa jikoni nikamweleza yote, kanuni, Zamu, saa zinazotoka huku kwenda kule. Nikamwambia kuna mzee amefariki Nyamalala akingoja.

"Nani?"

"Mzee Gaitani Kiswaga."

Akaweka mkono kifuani. "Gaitani wa kwaya? Mbona hatukuambiwa msiba?"

"Sijui, Bibi."

"Tungekwenda. Hata kwa kubebwa, tungekwenda." Akatazama moto. Kisha akauliza taratibu, "Siku hiyo, huyu alikuwa kwangu?"

Nikageuza macho kwa mashine. Hilo nalo lilikuwa jibu, na yeye si mtoto. Mashine iliendelea kumkanda vidole vya miguu kimoja kimoja, kwa upole, kama ilivyofundishwa.

Nilimwonyesha agizo. Nikamweleza kwamba likipita, Mgeni hatasindikizwa tena. Nikamwambia nataka kusikia kauli yake kabla sijaamua.

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza, Bibi."

"Hapana." Alisema bila hasira. "Unaniuliza ili nikikubali, ukalale vizuri. Ukitaka nikuambie Gaitani hakustahili kufikiwa, siwezi. Ukitaka nikuambie niko tayari kukaa humu ndani kama gunia, hilo nalo siwezi. Hiyo kazi umelipwa wewe, mwanangu. Ifanye. Mimi nitalia nikitaka kulia."

Nimekosolewa na mawaziri wawili na kamati nzima ya Bunge, wala hakuna aliyenifikia pale aliponifikia huyu bibi. Niliweka dole gumba kwenye kishikwambi. Kidole kilikuwa na jasho, ikabidi nikipanguse na sketi nirudie.

Mashine ilisimama kidogo, ikasikiliza kitu ambacho sisi hatukukisikia, ikamaliza mguu uliobaki. Ikamvalisha Bibi soksi zake.

"Kwaheri, Bibi Anyesi. Tafadhali baki ndani."

Ikatoka. Bibi Anyesi alisahau, au hakutaka kukumbuka, akatafuta fimbo na koti kama siku zote. Alipofika mlangoni Mgeni alikuwa ameshapita nyumba ya jirani, anateremka kwa ule mwendo wa miguu minne ambao hatukuwahi kuuona, maana siku zote alikuwa akitembea kwa miguu ya bibi. Akapotea upande wa njia ya Nyamalala.

"Hata mwizi huondoka taratibu kuliko hivyo," Bibi Anyesi akasema.

Koti alikuwa tayari amelivaa. Akanitazama mimi.

"Basi nikusindikize wewe."

Tuliteremka. Alinishika mkono badala ya kutegemea fimbo, na mkono wake ulikuwa mwepesi na wa moto. Tulipita kwa mzee wa mbegu, akatania kwamba leo Bibi amepata mgeni mwenye miguu miwili tu, na Bibi akamjibu kwamba hata yeye miguu yake miwili haina kazi. Aliongea kama hakuna kilichotokea. Bombani tukasimama.

"Hapa inatosha," nilimwambia.

"Inatosha," akakubali, akaniachia, akageuka kuutazama mlima wake. Njia ilikuwa imelowa. Gari langu lilikuwa hatua chache tu, dereva ameshawasha injini, na Nyamalala walikuwa wamekusanyika kwenye ghala la viazi kunisubiri niwaeleze utaratibu mpya. Kanuni ya kutomwacha mzee barabarani ilikuwa ya mashine. Mimi hakuna aliyeniandikia kanuni. Nikamshika mkono nikamrudisha.

Mlangoni alikaa kwenye kizingiti, akahema, akapumzisha magoti. Halafu akaanza kuinuka.

"Haya, twende. Mgeni hawezi kwenda peke yake."

Nilitaka kwenda naye. Nasema kweli, nilitaka tushuke na kupanda mpaka giza liingie, na Nyamalala wangoje kama walivyozoea. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii nilijua hasa ninachokifunga, kwa sababu kilikuwa kimenishika mkono.

Nikamshika mabega nikamkalisha tena.

"Hapana, Bibi. Wewe baki."

"Unanizuia?"

"Nakuzuia."

Mashine ilimkimbia tu, haikumgusa. Mimi nilimgusa. Alinitazama, na zile dalili za kucheka zikatoka machoni mwake, akawa bibi wa kawaida tu, mzee sana, aliyeketi mlangoni pake.

"Basi nenda," akasema. "Waambie Nyamalala poleni. Waambie tulikuwa hatujui."

Niliteremka peke yangu, nikilia bila kujificha, maana hakukuwa na mtu njiani isipokuwa yule mzee wa mbegu, naye alitazama pembeni kwa heshima. Bombani niligeuka. Bibi Anyesi alikuwa bado kizingitini, fimbo magotini, ananisindikiza kwa macho, kwa kuwa hicho tu ndicho nilichokuwa nimemwachia.